Jicho la Bunduki na Kifungo Chake

Jioni hii twapenda kuzungumza habari za chombo kidogo ambacho wengi wetu tumekiona begani mwa mwindaji, lakini wachache tumeuliza kilifikaje pale. Chombo hicho ni darubini ifungwayo juu ya bunduki. Mtu akipewa bunduki ya namna hiyo, jambo la kwanza alifanyalo ni kuichungulia, naye hustaajabu kuona mti wa mbali umejongea hata adhani angeweza kuuchuma majani. Kisha husema, "Kwa chombo hiki hata mtoto atapiga." Kosa lake si geni. Mafundi walilifanya, majemadari walilifanya, na majeshi mazima yalilifanya, kwa muda wa miaka mia na zaidi. Maana darubini huonyesha tu, hailengi. Kilengacho ni kile kifungo kiiunganishacho na kasiba ya bunduki, yaani vile viti vya chuma, zile pete na zile parafujo ambazo hapana mtu azitazamaye. Basi katika mazungumzo haya tutawaachia wengine sifa za vioo, nasi tutafuata habari za kifungo.

Yafaa kwanza tueleze shida ilivyo. Macho ya mtu huenda moja kwa moja, kama uzi uliovutwa. Risasi haiendi hivyo. Tangu itokapo mdomoni mwa kasiba huanza kuanguka, kama embe lililoachwa na tawi, ila kwa kuwa huenda mbio sana hatuoni kuanguka kwake. Risasi ya kuwindia itokayo kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde moja, ikifika mita 300 imekwisha kuanguka karibu sentimita 85 chini ya mstari wa kasiba. Kwa hiyo kasiba haina budi kuelekezwa juu kidogo kuliko darubini, ili njia ya macho na njia ya risasi zikutane mahali pamoja palipochaguliwa. Pembe iliyo kati ya njia hizi mbili ni ndogo mno hata jicho haliwezi kuitambua. Tuseme vishikizo viwili vya darubini viko mbalimbali kwa sentimita 10, na kishikizo cha nyuma kimesogea upande kwa sehemu ya kumi ya milimita, ambayo ni unene wa unywele mmoja. Risasi itapotoka sentimita 10 kwa mita 100, na sentimita 30 kwa mita 300. Mwenye bunduki hataona lolote lililobadilika. Lakini kwa swala sentimita 30 ni tofauti ya moyo na tumbo. Na kwa nyati ni tofauti ya mnyama aliyekufa na mnyama aliyeingia kichakani na jeraha, akingoja mtu amfuate.

Kioo chenyewe kilikuwako tangu zamani. Galileo alielekeza darubini yake mbinguni mwaka 1609, na Kepler mwaka 1611 alieleza namna nyingine ya darubini, yenye vioo viwili vilivyofura, ambayo sura ya kitu hujichora ndani ya mwanzi wake. Faida kubwa ya namna hii ilivumbuliwa na mdudu. Yasimuliwa kwamba karibu na mwaka 1640 kijana mmoja wa Yorkshire katika Uingereza, jina lake William Gascoigne, aliikuta darubini yake imeingiliwa na buibui akatanda utando ndani. Alipochungulia aliona uzi wa buibui na kitu cha mbali, vyote viwili wazi kwa mara moja. Akafahamu kwamba akitia uzi mahali pale kwa makusudi, angepata alama ya kulengea iliyo nyembamba kuliko alama yoyote iliyopata kuwako. Gascoigne alikuwa akipima nyota, hakuwa mwindaji. Naye hakupata nafasi ya kuyaendeleza mengi, kwani aliuawa katika vita vya Marston Moor tarehe 2 Julai 1644. Nyuzi zile mbili zipandanazo, ambazo mwindaji wa leo huziweka juu ya bega la mnyama, asili yake ni utando ule.

Hata hivyo nyuzi hizo zilikaa karibu miaka 200 katika vyombo vya wanafalaki na wapima ardhi kabla ya kufika kwenye bunduki kwa manufaa yoyote. Sababu yake si ngumu kuijua. Chombo cha mpima ardhi husimama juu ya miguu mitatu, kimetulia, nacho hubebwa kama yai. Bunduki hupiga teke. Kila risasi itokapo, chuma chote hushtuka na kurudi nyuma kwa ghafula, na kitu chochote kilichotundikwa juu yake hupenda kubaki mahali pake, yaani hupenda kung'oka. Tena bunduki huangushwa, hunyeshewa, huegemezwa mitini, huburutwa majanini. Fundi aliyeweza kutengeneza kioo safi hakuwa na habari ya kukifunga juu ya mnyama mkali namna hiyo.

Waliojaribu kwa bidii ni mafundi wa Marekani, katika jimbo la New York. Huko mji wa Utica alikuwako fundi bunduki aitwaye Morgan James, na pamoja naye mhandisi Mwingereza, John Ratcliffe Chapman, ambaye mwaka 1848 alitoa kitabu cha kuwafundisha vijana kupiga shabaha, akaeleza ndani yake darubini ya bunduki na jinsi ya kuiweka. Mwaka 1855 William Malcolm alianza kazi hiyo hiyo katika mji wa Syracuse, naye alikuwa na vioo bora zaidi. Darubini zao zilikuwa miwanzi myembamba ya chuma, mirefu kama kasiba yenyewe, iliyolala juu ya bunduki kama fimbo juu ya fimbo. Kishikizo kimoja kilikuwa karibu na mdomo wa kasiba na kingine karibu na jicho la mlengaji. Watu huzicheka leo kwa urefu wake, lakini sisi twaona urefu ule ulikuwa na akili. Vishikizo vikikaa mbalimbali sana, lile kosa la unywele mmoja hupungua nguvu. Fundi asiyeweza kuchonga chuma kwa usahihi mkubwa hujisaidia kwa urefu.

Wakati huo huo huko Manchester, Sir Joseph Whitworth alitengeneza bunduki ambayo tundu la kasiba yake lilikuwa na pembe sita badala ya kuwa mviringo. Mtu huyu ndiye aliyewafanya mafundi wa Uingereza, tangu mwaka 1841, wakubaliane juu ya kipimo kimoja cha meno ya parafujo. Kabla yake kila karakana ilikata meno yake kama ipendavyo, na parafujo ya fundi mmoja haikuingia katika tundu la mwingine. Twalitaja jambo hili kwa sababu bila ya parafujo za kuaminika hapana darubini ikaayo juu ya bunduki. Baadhi ya bunduki za Whitworth zilifungiwa darubini ya Davidson, ofisa wa jeshi la Kiingereza katika Bara Hindi, nayo haikukaa juu bali ubavuni, upande wa kushoto. Bunduki chache za namna hiyo zilivushwa bahari zikafika mikononi mwa majeshi ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Tarehe 9 Mei 1864, mahali paitwapo Spotsylvania katika Virginia, Jemadari John Sedgwick wa majeshi ya Kaskazini aliona askari wake wakiinama kila zilipolia risasi za mbali. Akawatania, akisema kwamba watu wale hata ndovu wasingeweza kumpiga kwa umbali ule. Haukupita muda, risasi ikamwingia usoni chini ya jicho la kushoto, akaanguka amekufa. Watu wengi waliamini kwamba ilikuwa risasi ya Whitworth. Habari hii ilienea ulimwenguni, na yamkini ilizidisha sifa za bunduki za mbali kuliko zilivyostahili, kwa kuwa bunduki hizo zilikuwa chache mno, tena zilihitaji mkono wa mtu aliyezijua.

Je, wawindaji? Kwa muda mrefu wawindaji wa nchi zetu hawakujali mambo haya, nao walikuwa na haki. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja na kwingineko mwanzo wa karne ya 20, na ambaye hesabu ya ndovu zake yapita elfu moja, alitumia bunduki nyepesi zenye shabaha za kawaida za chuma, yaani ile nguzo ndogo ya mbele na upenyo wa nyuma. Mtu asimamaye hatua 30 kutoka kwa ndovu haitaji kumsogeza karibu zaidi. Anahitaji kujua ubongo uko wapi, na kuinua bunduki upesi. Darubini ya siku zile ingemfanya aone ngozi tupu ya kijivu, na huenda asijue ni ya begani au ya tumboni.

Ama katika misitu ya Ujerumani na Austria mambo yalikuwa mengine. Huko kulungu na nguruwe wa mwitu hutoka wakati wa magharibi, jua likiisha kuchwa, na mwindaji huwangojea juu ya kiti kilichojengwa mtini. Wakati huo nguzo ya chuma haionekani tena, lakini darubini hukusanya nuru iliyosalia na kuonyesha mnyama waziwazi. Kwa hiyo wawindaji wa huko waliitaka darubini kwa ajili ya nuru kuliko kwa ajili ya umbali, nao walikuwa tayari kuilipia. Karl Robert Kahles alianzisha karakana yake mjini Vienna mwaka 1898. Zeiss wa Jena na Goerz wa Berlin walifuata njia hiyo hiyo. Na mafundi bunduki wa mji wa Suhl walibuni kifungo ambacho, kwa maoni yetu, ndicho cha kwanza kustahili sifa. Darubini ilikuwa na kucha za chuma mbele na nyuma. Kucha za mbele zilitumbukizwa katika matundu ya kiti chake, kisha nyuma ikashinikizwa chini hata ikalia na kujifunga. Mwindaji akitaka kuiondoa, alivuta kitasa kimoja tu, darubini ikatoka mkononi mwake, naye akabaki na shabaha za chuma kwa mnyama wa karibu. Akiirudisha, ilirudi mahali pake hasa.

Lakini kazi yake! Kila kucha ilisuguliwa kwa tupa, kwa mkono, ikajaribiwa, ikasuguliwa tena, kwa ajili ya bunduki moja tu. Zaidi ya hayo, darubini za wakati ule zilikuwa na gurudumu la kupandisha na kushusha alama, ila hazikuwa na la kuipeleka kulia au kushoto. Upotovu wa upande ulirekebishwa katika kifungo chenyewe, kwa kukisogeza kiti cha nyuma kidogo kidogo. Basi fundi asiyekuwa hodari hakuwa na mahali pa kujificha.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa na jamii nzima ya watu waliozoea darubini juu ya bunduki, na Waingereza karibu hawakuwa nao. Meja Hesketh Hesketh-Prichard, ambaye tutamtaja tena, ameandika kwamba Mtawala wa Ratibor alizikusanya bunduki za wawindaji zenye darubini akazipeleka mstari wa mbele. Bunduki nyingi za namna hiyo zilikuwa zimetengenezwa kwa risasi ya zamani, ya mwaka 1888, iliyokuwa nyembamba kuliko risasi mpya ya jeshi. Ikawa lazima kupigilia kibati juu ya mti wa bunduki kumwonya askari asitie risasi isiyo yake. Hata hivyo zilifanya kazi ya kutisha. Katika miezi ya kwanza ya vita vya mahandaki, askari wa Kiingereza aliyeinua kichwa mchana kwa kitambo kidogo hakuwa na hakika ya kukiinamisha mwenyewe.

Waingereza wakaagiza darubini kwa haraka. Zilitengenezwa na Periscopic Prism Company ya London, na Aldis Brothers wa Birmingham, na nyingine zilitoka Marekani kwa Winchester. Vioo vyake vilikuwa vyema. Kosa lilikuwa katika kifungo. Bunduki ya jeshi ilijazwa risasi tano kwa mara moja, kwa kuzisukuma kutoka juu kwa kidole gumba, nao waliotoa amri walitaka njia hiyo ibaki wazi. Kwa hiyo darubini nyingi zilifungwa ubavuni, upande wa kushoto wa kasiba. Karatasini jambo hili lilionekana la busara. Handakini lilikuwa balaa. Mlengaji alikaa nyuma ya bamba la chuma lenye tundu dogo. Akiweka kasiba katikati ya tundu, darubini ilitazama chuma kitupu. Akiweka darubini katikati, kasiba ilielekea bambani. Na kulipanua tundu ni kuikaribisha risasi ya adui.

Kuna na shida ya hesabu. Tuseme darubini iko sentimita 5 kushoto kwa kasiba, na fundi ameirekebisha ili njia ya macho na ya risasi zikutane kwa mita 100. Zikisha kukutana, hupishana na kuendelea, kila moja kwa upande wake. Kwa mita 200 risasi itakuwa sentimita 5 kushoto kwa alama, na kwa mita 300 sentimita 10. Kwa kichwa cha mtu kionekanacho nusu juu ya ukingo wa handaki, kosa hilo latosha kumpa uhai, naye atajibu. Darubini ikaayo juu hasa ya kasiba haina ugonjwa huu wa upande. Ina ule wa juu na chini tu, ambao kila mlengaji huujua na kuuhesabu.

Hesketh-Prichard alizaliwa Jhansi katika Bara Hindi mwaka 1876. Alikuwa mwindaji, msafiri na mwandishi, aliyekwisha kwenda Patagonia. Alipofika Ufaransa mwaka 1915 alianza kwa hiari yake kupita katika vikosi akizijaribu bunduki za darubini, na aliyoyaona yalimsikitisha. Nyingi zilikuwa zimepotoka kabisa. Zilitolewa kwa askari kama mali ya handaki, pamoja na majembe na ndoo, na kikosi kilipoondoka kiliziacha kwa kikosi kingine, hata hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kusema, "Hii ni yangu, naijua." Wengine walizigeuza parafujo kwa kutojua kazi yake. Askari alipokosa, alijilaumu yeye mwenyewe, au aliulaumu upepo; mara nyingine alijilaumu hata akafa. Mwaka 1916 Meja huyu alianzisha shule ya Jeshi la Kwanza huko Linghem, ambako askari walifundishwa kuvizia, kutazama na kulenga. Na mafunzo ya bunduki yenyewe hayakuachwa nyuma. Aliandika habari zake mwaka 1920, akafa mwaka 1922, bado si mzee. Kwa hakika waliookoka kwa ajili ya utunzaji wake wa parafujo ni wengi kuliko waliolijua jina lake.

Vita vile vilifika hata kwetu, na vilimchukua mwindaji mkubwa kuliko wote wa kizazi chake. Frederick Courteney Selous, mwenye umri wa miaka 65, alipigwa risasi ya kichwa na mlenga shabaha wa upande wa Wajerumani huko Beho Beho, kaskazini ya mto Rufiji, tarehe 4 Januari 1917. Kaburi lake liko huko huko.

Waingereza walijifunza, lakini walichelewa. Mwaka 1918 walikubali bunduki ya namna nyingine, ile iitwayo Pattern 14, ambayo darubini yake ilikaa juu ya kasiba. Vita vikaisha kabla haijafanya kazi kubwa. Matunda ya somo lile yalionekana katika vita vya pili. Kuanzia mwaka 1942 bunduki za jeshi za Namba 4, zilizochaguliwa kiwandani kwa kuwa zimepiga vyema kuliko wenzake, zilipelekwa kwa Holland & Holland wa London, mafundi waliokuwa wakiwatengenezea wafalme na matajiri bunduki za kuwindia. Zaidi ya 20,000 zilipita mikononi mwao. Darubini yenyewe, Namba 32, ilikuwa imekusudiwa hapo kwanza kwa bunduki ya mtombo ya Bren. Ilikuwa nzito, na ilikuza vitu mara tatu tu. Uzuri ulikuwa katika kifungo. Fundi alikaza viti viwili ubavuni mwa bunduki, na juu yake kikaja kishikizo kimoja kizito chenye pete mbili, kilichoinuka na kuileta darubini juu ya kasiba. Parafujo mbili kubwa za kukazwa kwa vidole ziliishika. Kibao kiliongezwa juu ya tako la bunduki ili shavu la mlengaji liinuke na jicho lake lifike darubini bila kutafuta. Na mwisho namba ya darubini ilipigwa muhuri juu ya mti wa bunduki, nyuma ya mtambo, ili zile mbili zisitengane kamwe. Bunduki hizo zilidumu. Baadhi yake zilibadilishwa mwaka 1970 zipokee risasi ya namna mpya, zikatumika miaka ishirini zaidi.

Wawindaji nao walikuwa wakipata yao. Mwaka 1930 Bill Weaver wa Marekani alianza kuuza darubini ndogo ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua. Mwaka 1947 Marcus Leupold wa Oregon, aliyekosa paa kwa sababu darubini yake ilijaa ukungu ndani, alitoa darubini iliyojazwa hewa ya naitrojeni na kuzibwa, isiingiwe na unyevu. Baadaye mafundi walivumbua namna ya kusogeza sura yote ndani ya mwanzi ili alama ionekane sikuzote katikati. Hapo kabla mwenye darubini iliyofungwa ovyo aliijua mara moja, kwa kuwa alama zake zilikaa pembeni mwa duara kama mtu aliyefukuzwa katikati ya ngoma. Sasa aibu hiyo imefichwa. Twasema kwa masikitiko kidogo kwamba maendeleo haya yamewafanya wengine wazembe, kwani kifungo kibovu hakionekani tena mpaka mnyama ameumizwa.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kusawazisha. Darubini yaweza kufungwa kwa nguvu, na juu ya kasiba hasa, ikawa bado imelala upande. Alama zake hazisimami wima pamoja na bunduki. Mlengaji, kwa desturi ya macho, huzisimamisha alama, asijue kwamba anailaza bunduki. Na bunduki iliyolala haiinui tena risasi yake moja kwa moja juu. Huitupa kidogo upande ule ilikolalia. Bunduki ile tuliyoitaja mwanzo, ikilala kwa nyuzi 5 tu, kwa mita 100 kosa lake halifiki sentimita moja. Ndiyo maana mwenye kuijaribu nyuma ya nyumba hurudi ameridhika. Kwa mita 300 kosa ni kama sentimita 7, na kwa mita 600 ni karibu sentimita 40. Ugonjwa huu hukua pamoja na umbali, na watu wa zamani, waliopiga kwa hatua 30, hawakuwa na haja ya kuujua.

Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Katika Tanzania bado upo kwa wenye leseni, na mafundi wa bunduki bado wana kazi. Tumepata kumtazama mmoja wao mzee akifunga darubini, naye hakuwa na chombo kisichopatikana katika karakana ya seremala. Aliibana bunduki katika jiliwa, ameizungushia kitambaa isikwaruzike. Akaweka pimamaji ndogo juu ya chuma mahali palipo bapa, akaisawazisha hata povu likatulia katikati. Kisha alituma kijana kwenda hatua ishirini na kutundika timazi tawini, kamba nyeupe yenye jiwe zito, akangoja iache kuyumba. Akaiweka darubini katika pete zake bila kuzikaza, akaisogeza mbele na nyuma mpaka jicho likae mbali nayo kwa upana wa kiganja, kwa kuwa, alisema, aliyeikaribia mno hupasuliwa nyusi na teke la risasi ya kwanza. Akaondoa komeo, akachungulia ndani ya kasiba mpaka chini ya kamba, akachungulia darubini. Halafu akaizungusha darubini kwa vidole viwili, polepole mno, akiutazama ule uzi wa wima ukiikaribia kamba nyeupe, ukaipita, ukarudi, ukailalia. Hakusema neno. Alichukua bisibisi akakaza parafujo ya kulia robo mzunguko, kisha ya kushoto robo mzunguko, kisha akachungulia tena kuona kama uzi umehama, maana parafujo ikikazwa huivuta darubini upande wake. Ulikuwa umehama kidogo. Akazilegeza zote, akaanza upya.